Chamonia na jamaa zake wageni

Chamonia ni chembe iliyoundwa na kwaki moja ya aina ya chamu pamoja na antikwaki yake. Tangu mwaka 2003, maabara za Japani, Marekani, China na Ulaya zimekuta chembe nyingi ambazo ndani yake mna jozi hiyohiyo, lakini tabia zake haziwezi kuelezwa na jozi hiyo peke yake. Wanafizikia wamezoea kuzitaja kwa herufi X, Y, Z na P. Kwamba nyingi kati yake zipo, hakuna tena anayebisha. Kinachobishaniwa ni namna zilivyopangika ndani, na ubishi huo unagusa kani ileile inayoshikilia kiini cha kila atomu.

Ugeni wa chembe hizi hauonekani mpaka kilicho cha kawaida kieleweke kwanza, na dhahabu inayochimbwa Namoya, katika teritwari ya Kabambare, jimbo la Maniema nchini Kongo, ni mahali pazuri pa kuanzia. Atomu moja ya dhahabu ina elektroni 79 zinazokizunguka kiini chenye protoni 79 na nyutroni 118. Masomo mengi ya sekondari, Kasongo kama kwingineko, huishia hapo. Ndani ya kila protoni, hata hivyo, mna kwaki tatu: mbili za aina ya apu na moja ya aina ya dauni. Nyutroni nayo ina apu moja na dauni mbili. Hesabu ikipigwa, kiini kimoja cha dhahabu kina kwaki 591, yaani apu 276 na dauni 315. Hakuna aina nyingine inayohitajika, si kwa dhahabu, si kwa udongo wa mto, si kwa mwili wa mchimbaji.

Jambo la ajabu zaidi liko kwenye uzito. Fizikia ya chembe hupima tungamo kwa kipimo cha nishati, kwa kuwa fomula ya Einstein inaruhusu kimoja kigeuzwe kuwa kingine. Kipimo hicho ni megaelektronivolti, kwa kifupi MeV. Protoni ina MeV 938. Kwaki apu ina kama MeV 2, na dauni kama MeV 5. Apu mbili na dauni moja zikijumlishwa hazifiki MeV 10. Tungamo yote iliyobaki hutokana na nishati ya mwendo wa kwaki na ya kani inayozifunga, kani ambayo hubebwa na chembe ziitwazo gluoni. Kwa hiyo mnunuzi wa dhahabu anapoweka mzigo kwenye mizani, takriban asilimia 99 ya kinachoishusha sahani ni nishati iliyofungiwa ndani ya protoni na nyutroni. Anayetaka kujua uzito wa vitu unatoka wapi hana budi kuielewa kani hiyo, na chamonia imekuwa mojawapo ya njia bora za kuichunguza.

Kani yenyewe huitwa kani kali. Nadharia yake, kromodinamiki ya kwanta, ilipata msingi wake mwaka 1973 kwa kazi ya David Gross, Frank Wilczek na David Politzer, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, kila kwaki hubeba sifa iliyopewa jina la rangi, ingawa haihusiani kabisa na rangi zinazoonekana kwa macho. Rangi hizo ni tatu, na antikwaki hubeba kinyume chake. Chembe inayosafiri peke yake sharti rangi zake zifutane, isibaki hata moja. Njia rahisi za kutimiza sharti hilo ni mbili: kwaki tatu zenye rangi tatu tofauti, au kwaki moja na antikwaki moja. Kundi la kwanza ni barioni, ambamo zimo protoni na nyutroni. La pili ni mesoni. Makundi yote mawili kwa pamoja huitwa hadroni.

Sharti hilo halisemi popote kwamba lazima mambo yaishie hapo. Kwaki mbili na antikwaki mbili zinaweza kufutana rangi, na vivyo hivyo kwaki nne na antikwaki moja. Murray Gell-Mann, alipotoa wazo la kwaki mwaka 1964, mwaka uleule ambao George Zweig alilifikia kivyake, aliitaja miungano hiyo katika makala yake fupi kama jambo linalowezekana. Kwa takriban miaka 40 iliyofuata hapakuwa na aliyeonyesha mmojawapo kwa ushahidi wa kuridhisha. Madai yalitolewa mara kadhaa, yakavuma, kisha yakafifia takwimu zilipoongezeka.

Kwaki chamu nayo ina historia ya aina nyingine kabisa. Sheldon Glashow, John Iliopoulos na Luciano Maiani walionyesha mwaka 1970 kwa nini ilipaswa kuwepo. Tarehe 11 Novemba 1974 makundi mawili yalitangaza kwamba yamekuta chembe moja kwa njia mbili tofauti: kundi la Samuel Ting katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, na kundi la Burton Richter katika maabara ya Stanford, California. Kundi moja liliiita J, jingine psi, na hadi leo inaitwa J/psi. Tungamo yake ni MeV 3,097, zaidi ya mara tatu ya protoni, na ndani yake mna chamu na antichamu. Siku kumi baadaye kundi la California lilimpata ndugu yake mkubwa kwenye MeV 3,686. Ting na Richter walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, miaka miwili tu baada ya ugunduzi, jambo linaloonyesha jinsi ulivyotikisa taaluma.

Kilichowavutia wanafizikia ni utaratibu wa familia hii. Kwaki chamu ni nzito, kama MeV 1,270 peke yake, na uzito huo huipunguzia kasi. Apu na dauni ndani ya protoni hukimbia karibu kama mwanga, na hesabu zake ni ngumu mno. Jozi ya chamu huenda polepole kiasi kwamba inaweza kuhesabiwa karibu kama atomu ya hidrojeni: vitu viwili vinavyozungukana kwa ngazi maalumu za nishati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliandika kanuni ya mvutano kati yao yenye sehemu mbili. Zikiwa karibu sana, kwaki huvutana kwa namna inayofanana na chaji za umeme. Zikitengana, mvutano hukataa kupungua, na kila hatua ya ziada hudai nishati zaidi. Kanuni hiyo rahisi ilitabiri ngazi za chamonia moja baada ya nyingine, na zote zilizo chini ya MeV 3,730 zimepatikana.

Namba hiyo, 3,730, ni kizingiti. Nishati ikifika hapo, inatosha kuumba jozi mpya ya kwaki nyepesi katikati ya chamu na antichamu, na kila mmoja wa wazee hao akaondoka na mwenzi mpya. Matokeo ni mesoni mbili ziitwazo D. Chamonia iliyo juu ya kizingiti ilitarajiwa kusambaratika kwa njia hiyo, haraka, bila ajizi. Huko juu ndiko wageni walikojitokeza.

Wa kwanza alionekana Tsukuba, Japani, katika maabara ya KEK. Humo mlikuwa na kichapuzi, yaani mtambo unaoziongezea chembe kasi, chenye mzunguko wa kilomita tatu. Elektroni na positroni ziligonganishwa ili zizalishe mesoni B, ambazo kwaki yake nzito, botomu, mara nyingi hugeuka kuwa chamu. Kundi la Belle lilichagua matukio ambamo mesoni B ilizaa mesoni K, pioni mbili na J/psi. J/psi haionekani yenyewe kwa kuwa huisha kabla ya kufika popote, lakini takriban mara 12 katika kila 100 hugeuka kuwa jozi ya elektroni na positroni au jozi ya muoni, na jozi hizo huacha nyayo safi. Kigunduzi hupima kasi na uelekeo wa kila chembe iliyotoka. Vipimo hivyo hujumlishwa, na kutoka kwenye jumla hupatikana tungamo ya kile kilichokuwepo kabla ya kusambaratika. Kazi hiyo hurudiwa tukio baada ya tukio, na kila jibu huwekwa mahali pake kwenye grafu. Chembe halisi ikiwepo, majibu hukusanyika sehemu moja na nundu huinuka.

Nundu ya Belle ilisimama kwenye MeV 3,872. Ilitokana na matukio kama 36, yaliyochujwa kutoka jozi za mesoni B milioni 152. Takwimu hizo zinaweza kuonekana kiduchu, lakini eneo lililoizunguka nundu lilikuwa tulivu kiasi kwamba uwezekano wa bahati nasibu haukuwa na nafasi. Maabara ya Fermilab huko Marekani iliiona kwa vigunduzi viwili, na kundi la BaBar la California likaiona pia. Ikaitwa X(3872), herufi X ikiwa kukiri kwamba haijulikani ni nini.

Ngazi za chamonia zilizokuwa zimehesabiwa hazikuwa na nafasi ya kuridhisha kwenye namba hiyo. Namba yenyewe, hata hivyo, inalingana mno na kitu kingine. Mesoni D isiyo na chaji ina MeV 1,864.84. Ndugu yake mwenye nishati zaidi, D-nyota, ambaye naye hana chaji, ana MeV 2,006.85. Jumla ni 3,871.69. Vipimo vya karibuni vinaiweka X kwenye MeV 3,871.6 na kidogo, tofauti ambayo haifiki sehemu moja ya kumi ya MeV na ambayo bado imo ndani ya ukingo wa makosa ya vipimo. Katika uwanja ambao chembe hutofautiana kwa makumi na mamia ya MeV, ni vigumu sana kuamini kwamba ulingano huo umetokea tu.

Maelezo yanayokuja haraka akilini ni kwamba X ni molekuli: D na anti-D-nyota zilizoshikana kwa mvutano hafifu, kama protoni na nyutroni zinavyoshikana katika kiini cha hidrojeni nzito. Maelezo yanayoshindana nayo husema kwamba kwaki zote nne zimebanana pamoja, chamu na kwaki nyepesi zikiwa jozi moja, antichamu na antikwaki nyepesi jozi ya pili, zikivutana moja kwa moja kwa rangi. Luciano Maiani, yuleyule wa mwaka 1970, na wenzake walilikuza wazo hili la pili mwaka 2005. Katika picha ya kwanza kuna nyumba mbili ndani ya kiwanja kimoja, kila moja na watu wake wawili. Katika picha ya pili watu haohao wanne wanalala chumba kimoja. Idadi ni ileile na majina ni yaleyale. Kwa sababu hiyo, kuiita chembe fulani tetrakwaki, yaani ya kwaki nne, bado hakujibu swali la msingi.

Ukubwa ungetofautisha picha hizo, laiti ungepimika. Kanuni za kwanta zinasema kwamba vitu viwili vilivyoshikana kwa nishati ndogo hukaa mbalimbali. Katika hidrojeni nzito nishati ya kushikana ni MeV 2.2. Kama X ni molekuli, nishati yake ya kushikana ni chini ya sehemu moja ya kumi ya MeV au karibu na hapo, na umbali kati ya mesoni zake mbili ungezidi femtomita 10. Nusu kipenyo cha protoni hakifiki femtomita moja. Chembe ya kawaida ya chamonia ni ndogo hata kuliko protoni. Molekuli hiyo ingekuwa na upana unaokaribia au kupita kiini cha dhahabu ya Namoya, ingawa ina kwaki nne badala ya 591.

Rula ya kupimia hakuna, kwa hiyo ushahidi hutafutwa kwenye tabia. Kani kali haibagui kati ya apu na dauni, na kwa sababu hiyo chamonia halisi isingetoa J/psi pamoja na mesoni iitwayo rho ila kwa nadra sana, ingependelea mesoni omega. X hutoa rho na omega kwa viwango vinavyokaribiana. Picha ya molekuli ina jibu. Jozi ya D na D-nyota zenye chaji ina jumla ya MeV 3,879.9, kama MeV 8 juu ya ile isiyo na chaji. X imesimama mlangoni pa jozi moja na iko mbali na ya pili, kwa hiyo usawa wa apu na dauni ndani yake umevurugika. Jibu hili linashawishi. Kundi la LHCb, linalofanya kazi CERN karibu na Geneva, lilithibitisha pia mwaka 2013 kwamba spini ya X na sifa zake nyingine za ulinganifu ndizo hasa zinazotarajiwa kwa D na anti-D-nyota zisizozungukana.

Hata hivyo kuna ushahidi unaovuta upande mwingine. X huzalishwa kwa wingi katika migongano mikali ya protoni, mahali ambapo kitu kilichoshikana kwa nguvu ndogo hivyo kingetarajiwa kuwa adimu. Tena inapotoa mwanga na kugeuka kuwa chamonia ya MeV 3,686, hufanya hivyo kwa kiwango ambacho ni rahisi kukieleza ikiwa sehemu ya X ni jozi ya kawaida ya chamu iliyobanana. Msimamo unaoonekana kustahili zaidi kwa sasa ni kwamba X ni mchanganyiko: sehemu yake kubwa ni molekuli, na katikati yake mna kiini kidogo cha chamonia. Fizikia ya kwanta inaruhusu chembe moja kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na katalogi rasmi ya chembe imeshaibadilisha jina na kuiweka katika familia ya chamonia, chini ya herufi ya Kigiriki chi.

Mgeni wa pili mashuhuri, Y(4260), alipatikana na BaBar mwaka 2005. Ni mzito wa kutosha kusambaratika kuwa mesoni D kwa urahisi, lakini alijitambulisha kwa kutoa J/psi na pioni mbili. Wapo wanaomwona kuwa chamseto, yaani chamu na antichamu ambazo gluoni inayozifunga imesisimka na kuwa mshiriki kamili badala ya kuwa gundi tu. Vipimo vya Beijing vya mwaka 2017 vilimshusha hadi karibu MeV 4,220 na kuonyesha kwamba nundu iliyodhaniwa kuwa moja ilikuwa na umbo la mbili.

Kwa X na Y, mwenye mashaka angeweza bado kushikilia kwamba ni chamonia zenye tabia mbaya. Herufi Z iliuziba mlango huo. Chamu ina chaji ya theluthi mbili na antichamu ina kinyume chake. Jozi yao haiwezi kuwa na chaji yoyote. Mwaka 2007 Belle ilitangaza chembe yenye chamu na antichamu, ikiwa na MeV karibu 4,430, na yenye chaji ya umeme. Chaji hiyo lazima ibebwe na kwaki nyingine, na idadi ndogo kabisa inayotosha ni mbili zaidi: apu na antidauni. BaBar haikuiona kwa uhakika, na ubishi ukaendelea kwa miaka kadhaa mpaka LHCb ilipoithibitisha mwaka 2014 kwa matukio mengi na uchambuzi wa kina.

Kabla ya hapo, mwaka 2013, Belle na kundi la BESIII la Beijing zilikuwa zimeshachapisha kwa wakati mmoja habari za Zc(3900), nayo yenye chaji. BESIII ilikuwa imeiona katika matukio kama 300. Kichapuzi cha Beijing ni kidogo, mita 237.5 kwa mzunguko, na nguvu yake iko kwenye usahihi. Katika moyo wa kigunduzi chake kuna chemba yenye umbo la pipa, iliyojazwa gesi ya heliamu na propani, ambamo zimetandazwa nyaya karibu 6,800 za kupokea ishara katika tabaka 43. Kila waya ni wolframu iliyopakwa dhahabu, unene wake mikromita 25, mwembamba kuliko unywele. Chembe yenye chaji ikipita huzing'oa elektroni za gesi, na elektroni hizo huelea hadi kwenye waya ulio karibu na kuacha mpigo mdogo wa umeme. Muda wa kufika kwa mpigo hueleza chembe ilipita umbali gani kutoka kwenye waya, na nukta hizo zikiunganishwa hutoa njia iliyopinda ndani ya uga wa sumaku. Kupinda huko ndiko kunakotoa kipimo cha kasi. Wolframu huchaguliwa kwa kuwa huvumilia kuvutwa bila kukatika ingawa imekondeshwa hivyo, na dhahabu kwa kuwa haishiki kutu na uso wake hubaki laini. Maniema inayafahamu madini yote mawili: dhahabu ya Namoya, na wolframu ambayo madini yake yamechimbwa Kalima pamoja na kasiteriti.

Hoja ya chaji ni nzito, lakini haimalizi kila kitu. Zc(3900) iko juu kidogo tu ya kizingiti cha D na anti-D-nyota, na nundu iliyo karibu na kizingiti inaweza kuzaliwa bila chembe yoyote mpya. Njia mpya ya kusambaratika inapofunguka ghafla, uwezekano wa njia nyingine hubadilika papo hapo na grafu huvimba mahali pale. Wananadharia wanaosisitiza hatari hiyo wamefanya kazi yenye manufaa makubwa, kwa sababu wamewalazimisha wapimaji waache kuhesabu nundu na waanze kupima jinsi wimbi la kwanta linavyogeuka linapopita katikati ya nundu. Chembe halisi huligeuza kwa duara linalojulikana. LHCb iliifanyia Z ya MeV 4,430 mtihani huo mwaka 2014, na mgeuko wa wimbi lake ulifuata duara hilo.

Tangu hapo orodha imerefuka haraka. Mwaka 2015 LHCb ilitangaza chembe zenye kwaki tano, zile za herufi P, zilizotokana na barioni nzito iitwayo lambda-b na zikionekana kwa J/psi na protoni. Mwaka 2019, takwimu zilipoongezeka, nundu moja iligawanyika kuwa mbili nyembamba na ya tatu ikaibuka kwenye MeV 4,312. Zote tatu ziko chini kidogo ya vizingiti vya barioni yenye chamu na mesoni D au D-nyota, na hapo wazo la molekuli lilipata nguvu kubwa. Mwaka 2020 ilikuja X(6900), inayosambaratika kuwa J/psi mbili, yenye chamu mbili na antichamu mbili bila kwaki nyepesi hata moja. Hii inawapa taabu watetezi wa molekuli, kwa sababu mvutano unaobebwa na mesoni nyepesi ndio gundi yao ya kawaida, na hapa hakuna cha kuizalisha kwa urahisi. Mwaka 2021 akaja ndugu wa kando, Tcc, mwenye chamu mbili na si chamu na antichamu, aliyelala takriban MeV 0.36 chini ya kizingiti chake. Sababu moja kwa jamii nzima haionekani kutosha.

Hesabu za nadharia hufanywa kwa njia kadhaa. Moja hugawa nafasi na muda katika gridi na kuzitumia kompyuta kubwa kutatua milinganyo ya kani kali nukta kwa nukta. Nyingine ni kanuni za majumuisho, zilizobuniwa Moscow mwaka 1979, ambazo huunganisha sifa za hadroni na sifa za ombwe lililojaa gluoni. Njia hii ya pili ina makao imara katika kisiwa cha Bahari ya Hindi. Stephan Narison, mwanafizikia wa Madagaska aliyefanya kazi miaka mingi Montpellier, Ufaransa, ameiandikia vitabu vinavyotumika ulimwenguni kote, na mwaka 2001 alianzisha Antananarivo mfululizo wa mikutano ya fizikia ya nishati kubwa. Yeye na watafiti wa Antananarivo wamekokotoa tungamo za makumi ya chembe za jamii ya X na Z. Wamekuta mara kwa mara kwamba molekuli na tetrakwaki iliyobanana, zikiwa na sifa sawa za spini, hutoka na tungamo zinazokaribiana mno, na wakapendekeza kuzihesabu kama kitu kimoja kilichochanganyika. Matokeo hayo yana uzito kwa kila anayesoma habari za nundu mpya: tungamo peke yake haiwezi kuamua mpangilio wa ndani, hata ikipimwa kwa usahihi wa kiasi gani.

Kilichobaki ni kupima mambo mengine: viwango vya kutoa mwanga, uwiano wa njia za kusambaratika, na kuwepo au kutokuwepo kwa ndugu waliotabiriwa. Ndugu anayetafutwa zaidi ni Xb, ambaye ni X yenye botomu mahali pa chamu. Botomu ni nzito zaidi, na molekuli zake zinapaswa kushikana kwa nguvu zaidi. Mwaka 2011 Belle ilizipata Z mbili za aina hiyo, kwenye MeV 10,610 na 10,650, zote kando ya vizingiti vya mesoni B. Xb inatarajiwa karibu na MeV 10,604, jumla ya B na B-nyota. Lakini mesoni B yenye chaji na isiyo na chaji zina tungamo karibu sawa, kwa hiyo mvurugiko wa apu na dauni unaoifanya X itoe rho hautakuwepo, na Xb itabidi itafutwe kupitia omega. Belle iliitafuta kwa njia hiyo mwaka 2014 bila kuipata. Mrithi wake, Belle II, anayefanya kazi katika jengo lilelile la Tsukuba, alirudia utafutaji huo kwa data mpya zilizokusanywa karibu na MeV 10,750, na grafu mahali pale imebaki tambarare.